Zulia la Jikoni, Ghorofa ya Nne

Kabla tingatinga halijafika
nilipanda na kisu, nikakata kipande cha zulia la plastiki
pale mbele ya jiko, pale mama
aliposimama miaka thelathini na moja akikoroga supu ya viazi.
Maua yamefutwa na visigino.
"Chukua," alisema. "Lile halikuchoka. Nilichoka mimi."

Baba ndiye aliyelitengeneza. Si lile hasa,
ila unga wake, ng'ambo ya mto Saale,
zamu ya usiku, gunia juu ya gunia,
unga mweupe uliozaliwa na umeme na chumvi ya mwamba.
Alirudi nao kwenye nyusi;
mama akimwita mwokaji asiyeleta mkate.

Sasa zamu ya usiku ni yangu.
Chupa, kiyeyushi, magadi makali, nyuzi joto mia na sabini.
Tilo Kretzschmar, mkuu wangu, hapendi mashairi.
"Usilichome, Gundula," husema.
"Ukilichoma litalipa kisasi:
asidi mapafuni, sumu kwenye nyasi, kisha kwenye maziwa.
Ing'oe klorini chembe moja moja,
kama unayetoa miiba ya samaki
sahanini mwa mtoto."

Jaribio la kwanza: manjano, chungwa, hudhurungi, lami.
La pili: gundi.
La saba sikuliandika, nilitoka kuvuta sigara.
La kumi na tisa, saa tisa na nusu usiku,
katika maji yaliyochujwa na kupozwa makali
nilidondosha tone la nitrati ya fedha,
na wingu jeupe likashuka,
zito, polepole, kama mtindi.
Imetoka.
Nilikaa chini sakafuni, na glavu zangu.

Gramu mbili tu. Kwa gharama
ambayo manispaa ingeicheka.
Uani kuna malori kumi na moja ya mabomba
na mazulia ya jikoni za watu wengine.
Na ule mnyororo uliobaki kwenye chujio,
mtupu, mlaini,
sijui bado utafaa nini.

Maji mengine niliyavukiza.
Nilimpelekea mama chumvi yake katika kichupa,
nusu kijiko, nikamwonya asionje.
Akakitikisa karibu na sikio,
akakiweka mezani kando ya kidumu cha chumvi ya chakula,
akafikiri,
akavisogeza mbalimbali kidogo,
kama ndugu waliosusiana.