Zamu Yangu ya Kupotea

Tulimkuta Mtama, nyuma ya mizani ya chama cha msingi,
amelalia gunia bovu, sikio la kushoto limeliwa na kupe,
mgongoni kovu la maji ya moto.
Mlinzi akasema: huyo mwizi, muiteni Kangomba,
naye huchukua vya watu usiku bila risiti.
Jina likakaa.

Bandani walikuwa kumi na mmoja, yeye akiwemo,
wa stendi, wa machinjioni, wa jalalani,
mbwa ambao jina lao la kwanza lilikuwa "toka!"
na la ukoo, jiwe.
Mwalimu Hokororo hakutazama mzuri wala mkubwa.
Alirusha mpira kwenye majani marefu, akatazama saa.
Kumi walirudi mikono mitupu, kama ningeweza kusema hivyo,
wakaketi kivulini.
Kangomba alirudi baada ya magharibi, na mpira,
na miiba puani.

Mama hakunipa mkono mwezi mzima.
Mate ya mbwa, Somoe. Na swala je?
Nikamwonyesha beseni nyuma ya choo:
mara saba, mama, na moja kwa udongo.
Akanitazama nikisugua vidole kwa udongo mwekundu,
akanisogezea kata, bila neno.

Udongo huo huo, mwezi wa nne,
uliwashukia watu wanne shimoni, njia ya Ruangwa.

Tulifika alfajiri. Majembe, vilio, jenereta ya mtu.
Nikasema: zimeni. Nyamazeni. Upepo unatoka huku, sogeeni kule.
Mzee mmoja akauliza kwa nini wameletewa mbwa
na wao waliomba watu.
Sikuwa na jibu. Nilifungua kamba.

Umewahi kuwaona wanawake wa kwetu wakichimba ming'oko?
Hawachimbi popote.
Wanafuata kikonyo kikavu cha mmea utambaao
hadi kinapozama, hapo ndipo wanapopiga magoti.
Kangomba alifuata hivyo kitu nisichokiona,
uzi uliochomoza ardhini,
akazunguka, akarudi, akasita,
hakubweka.

Nikajua.
Mbwa wangu humbwekea mtu anayepumua.
Kwa mwingine hulala tu, kidevu juu ya kifusi,
akinitazama kana kwamba yeye ndiye aliyechelewa.

Mara nne alilala.
Yule mzee alivua kofia yake, akaiweka chini,
karibu kabisa na pua ya mbwa, asijali mate,
akaanza kuchimba hapo kwa mikono.

Tuliporudi hakula. Kesho yake hakula.
Mpira ukakaa mbele yake kama bibo lililooza.
Likapa akasema ni minyoo.
Hokororo akasema hapana,
ameanza kuamini kwamba watu wote wako hivyo.
Nendeni mkapotee.

Basi nimo humu, ghala namba mbili,
chini ya magunia matupu ya msimu uliopita,
vumbi la maganda linaniwasha shingo,
panya ananipita kama mali isiyo na mnunuzi.
Nimeambiwa nisikohoe.
Nimeambiwa nipumue tu, leo kazi yangu ni hiyo.
Na mimi, ambaye nimepumua miaka ishirini na sita bila kuagizwa,
ghafla sijui pumzi inaanzia wapi.

Nasikia kamba ikifunguliwa nje.
Nasikia kucha juu ya saruji, zinasimama.
Zinaondoka.
Muda mrefu hakuna kitu.
Halafu pua, mbali, inasoma mlango, inasoma ukuta,
gunia, gunia,
inarudia gunia moja kama msomaji asiyeamini macho yake.

Mkono wangu nimeuosha asubuhi, mara saba.
Nautoa kidogo nje.
Njoo, mwizi.
Niko hai. Nipigie kelele.