Jicho Hadi Jicho

Giza likianza kushika kijito cha Gombak
nzi huja kulala kwenye vizizi vinavyoning'inia ukingoni,
vyembamba kama uzi wa kushonea.
Dume macho yake yako kwenye ncha za vijiti viwili,
mbali na uso,
kama taa za lori lililopanuka kuliko barabara.

Rohaizat anapima. Senin anaandika, penseli imelowa.
"Mwili, milimita saba. Jicho hadi jicho, tisa."
"Huyu mdogo: mwili, tano. Macho, nne na nusu."

Senin ananyanyua kichwa.
"Mwili umezidi mbili tu,
macho yamezidi maradufu. Nani kagawa hivi?"

"Majike," anasema Rohaizat. "Wamechagua, wakachagua,
hadi hesabu ikalalia upande mmoja.
Aliyelala njaa akiwa funza
hana pa kukopa upana."

Kwenye kizizi madume wawili wanakabiliana,
jicho kwa jicho, wanalinganisha.
Mdogo anarudi kinyumenyume. Hakuna aliyeguswa.

Senin anacheka, kisha anaacha.
Siku ya harusi yake alikodi gari
refu kuliko kibaraza cha mama mkwe.
Deni lile lilikula miaka minne ya mpira na durian.
Na Saliah, anakumbuka,
alipita kando ya gari bila hata kugeuka,
akamtazama yeye, kwa utulivu, toka unyayo hadi utosi,
kama mtu aliyeshika rula.

Kipimo alichosoma
hajamtajia mpaka leo.