Kisanduku cha Saba

Fomu mia moja arobaini na tatu,
katoni ya sabuni ya miche,
na mimi, karani mstaafu wa masjala,
kwenye meza yenye mguu mmoja mfupi, ukumbini Amalemba,
mvua ya saa tisa ikijipanga juu ya Kakamega kama kawaida yake.

Kisanduku cha kwanza, jina. Cha pili, tarehe ya kuzaliwa.
Cha tatu, shule. Cha nne, mlezi. Cha tano, simu ya mlezi.
Cha sita, wimbo utakaoimba.
Cha saba, sijui nani alikibuni:
"Jambo lolote tunalopaswa kujua."

Watoto ni wakweli mno wakishika kalamu.
Mmoja: naogopa radi.
Mwingine: baba akija mwambieni sipo.
Mwingine aliandika, akafuta, akaandika "hakuna",
nami nilipoiinua karatasi kwenye mwanga niliona alichofuta,
nikaishusha upesi, kama mtu aliyefungua bafu lenye mtu.

Akaja kijana wa mdhamini, shati jipya la kampuni.
"Mama Khavere, nipige picha hizo namba tu,
wazazi watumiwe ujumbe wa unga wa bei nafuu."
Nikamwambia, hizi si namba za unga.
"Lakini walitia sahihi."
Walitia sahihi watoto waimbe.
Akaenda kununua soda, nami nikajiona shujaa.

Shujaa alisikia njaa saa nane na nusu.
Hatua kumi hadi kwa muuza mahindi ya kuchoma.
Hatua kumi, na katoni wazi.

Niliporudi mshereheshaji alikuwa jukwaani
na karatasi mkononi,
sauti ameitia sukari:
"Anayekuja sasa, ndugu zangu, mama yake yuko jela,
na yeye mwenyewe humeza dawa kila usiku saa mbili,
mpigieni makofi!"
Wakapiga. Hilo ndilo lililonichoma,
kwamba walipiga kwa moyo mweupe.

Mmbone Andayi, miaka kumi na mmoja,
soksi moja imepanda, moja imeshuka,
alikitazama kipaza sauti
kama anayeulizwa njia na mgeni.
Hakuimba.
Mvua ndiyo iliyoimba, bati kwa bati,
na majaji wakaandika kitu. Sijui walipima nini.

Siri ya mtungi aijuaye ni kata.
Kata nilikuwa mimi.
Miaka thelathini na moja hospitalini
hakuna aliyejua kwa kinywa changu
nani alizaa, nani alizika, kwa ugonjwa gani.
Nikaja kushindwa na gunzi.

Wiki iliyofuata nilipiga simu, mlezi mmoja mmoja:
njoo uchukue karatasi ya mtoto.
Karatasi? Ya kazi gani?
Wengine walikuja kwa bodaboda, wengine wakasema choma,
nikachoma nyuma ya nyumba, nikikoroga majivu kwa kijiti
mpaka tarakimu ya mwisho ikapotea.

Ya Mmbone niliipeleka mwenyewe, Shinyalu,
njia ya udongo mwekundu unaovua watu viatu.
Nyanya yake alikuwa akichambua mrenda.
Nilikuwa na hotuba ya kuomba radhi; hakuitaka.
"Kile cha saba," akasema, "ni mimi niliyemwambia aandike.
Nilidhani mkijua mtamwangalia."

Mrenda ukaendelea kuchambuliwa.

Mmbone aliisoma fomu yote, polepole,
kana kwamba inamhusu mtoto mwingine.
Kisha akachana ukanda wa juu,
kisanduku cha kwanza peke yake,
akautia mfukoni mwa sare.
"Hiki changu."
Kilichobaki akakikunja mara mbili
na hakukitia jikoni, hakumpa nyanya.
Alinirudishia mimi.

Kiko kwenye droo tangu Jumanne, ufunguo shingoni.
Kiberiti kiko karibu.
Sijui kama nikikichoma nitakuwa nimemlinda
au nimejiosha tu.