Marejesho

Ndugu Lwitiko wa dirisha namba nne,
umeniandikia mara ya tatu kuhusu mkopo wa filamu,
na barua ya leo ina muhuri mwekundu.
Fomu nimeijaza. Penye "Jina la mradi" sikupata shida.
Penye "Mapato" kalamu imelala tangu Jumatatu.

Nianze na matumizi, hayo yana risiti:
kamera ya kukodi Sinza, siku kumi na tisa;
jenereta, na mafuta yake yasiyoshiba;
wali maharage wa watu ishirini na wawili;
mjumbe wa Manzese aliyetaka chochote
ili watoto wa mtaa wasipige kelele.
Huyo hakunipa risiti. Kelele zilipigwa.

Siku ya ishirini fedha ikakata.
Bi Siwema, aliyeigiza mama,
alikuwa bado na kurasa sita.
Tukamwua kwa simu:
binti anapokea, ananyamaza, anakaa chini.
Gazeti moja liliusifu ule ukimya.
Ukimya, Ndugu Lwitiko, ni bei rahisi.

Uzinduzi uliuona mwenyewe:
hotuba nne, sambusa, zulia la kukodi,
mgeni rasmi kaondoka dakika ya kumi.
Jumba la sinema likatupa wiki moja, saa nane mchana.
Tiketi kumi na moja.
Tatu alinunua dada yangu.

Mwezi wa saba nikapita Mbagala Rangi Tatu,
nikaiona kwenye ubao wa kibanda umiza,
kwa chaki, jina limekosewa herufi,
imebanwa kati ya mechi mbili za Uingereza.
Nikalipa mia tano kuingia kwenye filamu yangu.
Nikaomba risiti.
Kijana wa mlangoni alicheka mpaka akakohoa.

Ndani, watu kama tisini kwenye mabenchi,
joto la kuivisha ndizi,
nakala ya wizi iliyochakaa
hata khanga ya Bi Siwema imekuwa ya kijivu.
Muuza karanga kasahau kuuza.
Binti akapokea simu, akanyamaza, akakaa chini,

umeme ukakatika.

Hakuna aliyetoka.
Gizani mtoto mmoja, aliyeapa kwamba ameshaiona,
akaanza kuimalizia kwa mdomo:
mama hajafa, bwana, ile simu ilikosewa namba,
yupo kwenye kivuko, anatokea Kigamboni,
ana mkoba, ndani mna mihogo,
anamtafuta binti yake nyumba kwa nyumba.
Watu wakapiga makofi.
Sikumsahihisha.
Kurasa zangu sita alizisema zote, na nyingine mbili
ambazo sikuwa na akili ya kuziandika.

Basi, fomu hii hapa.
Mapato: nimepiga mstari.
Matumizi ya ziada: shilingi mia tano, kiingilio, risiti hakuna.
Deni ni deni. Pikipiki nimeshaitangaza.

Ila kama mfuko wenu bado una chochote chini,
naomba siku moja tu, asubuhi, penye kivuko.
Bi Siwema nimemuuliza, yupo tayari.
Mihogo nitanunua mwenyewe.