Alama ya Radi

Kompyuta yenyewe ni ndogo: inatosha
ndani ya kisanduku cha sabuni, na humo nikaitia,
nikatoboa matundu kwa msumari uliopashwa jikoni
ipate kupumua.

Mama aliitazama kama kifaranga
kilichoanguliwa peke yake. "Na mwili wake uko wapi?"
Nikamwonyesha runinga. "Na hula nini?"
"Umeme, Mama. Kidogo tu."
Akaguna. Kila mgeni husema anakula kidogo.

Tulichotaka ni fahali.
Miaka kumi na mmoja mjomba Lubanga
alirekodi mapigano ya Khayega kwa simu tatu,
akayarundika kwenye flashi moja, bila majina, bila tarehe:
umande, isukuti, kofia zikirushwa,
kidole chake kikiziba nusu ya dunia.
Siku mbili nilikaa nikiyapanga,
Mama akiamua kwa kuangalia pembe tu:
"Huyo ni Mbukuli. Huyo aliuzwa.
Huyo alimkimbia mwenzake, usimwandike."

Nikachomeka. Rangi za upinde zikajaa kioo,
kisha maandishi meupe yakashuka mbiombio
kama mchwa waliobomolewa kichuguu,
kisha, juu pembeni, kialama cha manjano:
radi.

Mama akasimama.
Hapa Shinyalu radi haitaniwi;
ilimchukulia Shimenga ng'ombe wawili wa maziwa
na kamba zao.
Aling'oa waya, akafunika kioo cha ukutani kwa leso,
runinga kwa leso ya pili,
akaketi mbali na chochote cha bati.

"Mama, hii si hasira. Ni njaa.
Chaja ya simu haimshibishi."

Hilo alilielewa haraka
kuliko yote niliyomweleza wiki nzima.
"Mbona hukusema?" Akafungua pindo,
noti iliyokunjwa mara nne ikatoka na harufu ya majani chai.
Kesho yake, mjini Kakamega, kijana mmoja
aliniuzia adapta ya ampea tatu
akiapa kwa jina la mamake.

Hakuwa mwongo. Alama haikurudi.
Fahali wa mwaka wa tisa nyuma
wakapiga kwato sebuleni kwetu,
kisanduku kikiwa na joto la yai lililotoka kutagwa,
na Mama kwenye ukingo wa kiti akimfokea Mbukuli
ainamishe kichwa, ainamishe, aingie kwa chini,
Mbukuli ambaye siku ile alishindwa,
na Mama alikuwapo, aliona,
alirudi nyumbani kwa miguu bila kusema na mtu.

Ndipo ikanguruma kweli, upande wa msituni.
Mama hakugeuka.
Mimi ndiye niliyeruka kung'oa waya,
mimi niliyejikuta mbele ya kioo cha ukutani
leso mkononi,
na gizani nyuma yangu sauti yake:

"Umezimia nini?
Leo alikuwa anashinda."