Kidonge Chenye Kanzu Mbili

Bi Mwanaharusi kaja na kopo la maziwa,
maziwa hayamo.
Alimimina mezani pangu: vidonge vya zahanati,
vya duka la Langoni, vya mwanawe aliye Jeddah,
na kimoja cha jirani, "kilimfaa yeye."

Daktari Nyiro keshaandika: presha haishuki, aongezewe.
Mimi nahesabu.
Hiki cheupe, hiki cha waridi:
ni mmoja huyo huyo, kabadili kanzu tu.
Siku akikumbuka, humeza vyote viwili,
na ngazi za nyumba yake Mkomani zikamkimbia.
Akianguka, huviacha vyote wiki nzima.

Nabisha mlango wa pili. Nyiro atazama,
atafuna kalamu, afuta neno lake mwenyewe
bila kinyongo. Muuguzi Kadzo ampima tena,
mkono wa kushoto, polepole.

Namfungia kimoja. Herufi zangu hazisomi;
nachora jua kwenye pakiti,
chini yake naandika kwa hati ya chuoni.

"Na ng'onda je?"
"Ng'onda, bibi, ni chumvi yenye mkia."

Acheka. Alitikisa kopo, jepesi,
kisha aniuliza, kwa dhati kabisa,
kama mtu hulipwa mshahara
kwa kupunguza dawa.