Mvua ya Jumanne

Miaka sita ya milimita imelala mezani kwangu,
daftari juu ya daftari, mwandiko wa Mzee Kibwana wa Kigogo,
saa tatu asubuhi, kila siku ya Mungu.
Hata siku ile Msimbazi ulipomfika magotini
aliandika: 91.4. Na chini yake: nimehama, kipimo kipo.

Nimeuvua mfululizo nguo moja moja.
Kwanza mwelekeo: mstari mvivu, unapanda kidogo, sina uhakika.
Kisha majira: masika na nundu yake, vuli na kinundu chake,
mchoo wa Juni uliojichomeka kama mgeni asiyealikwa.
Kisha nikaiuliza kila siku: unaikumbuka jana?
Kidogo.
Na juzi?
Kwa mbali.

Yakabaki masalia,
yale ambayo hesabu imeyatema,
yanayopaswa kuwa kelele tupu, punje zilizochakurwa na kuku.
Lakini hatua ya saba nyuma, mchoro ukasimama wima
kama mtu aliyeitwa jina.
Na ya kumi na nne. Na ya ishirini na moja.

Mawingu hayajui wiki.
Nani basi ananyesha kila Jumanne,
nusu milimita, hata Januari, hata jua likilainisha lami?

Nikaenda. Nyuma ya ukuta wa zahanati, kipimo;
juu ya kipimo, kamba;
juu ya kamba, jezi kumi na moja zikichuruzika.
Bi Mwanahija, mikono myeupe kwa povu,
akaniangalia kama nimekuja kukata umeme.
"Wanacheza Jumapili, nafua Jumatatu. Kuna kosa?"

Mzee Kibwana akacheka mpaka akakohoa.
"Niliambiwa niandike kilichomo.
Sikuambiwa niulize kimetoka wapi."

Tukaihamisha kamba hatua tatu.
Usiku nikakaa kuzifuta Jumanne za uongo,
moja baada ya nyingine, kiangazi kwa kiangazi,
mpaka Februari ya mwaka wa nne:
sifuri.
Wiki iliyofuata: sifuri.
Ya tatu: 0.4, na haikurudi nusu kwa muda mrefu.

Nikapiga simu. Bi Mwanahija akanyamaza,
nikasikia maji yakimwagwa kwenye beseni.
"Tulikuwa na msiba," akasema. "Kipa."

Nimezitazama sifuri zile mbili hadi adhana ya alfajiri.
Katika Jumanne zote za kiangazi
ndizo pekee ambazo kipimo kilisema kweli,
na sina cha kufuta.